Shangazi, nampaka mwanangu losheni ya jua lakini bado anababuka

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni, Lamu. Binti yangu ana miaka minane na ana ualbino. Mdogo wake ni wa kiume, ana miezi mitatu, na ngozi yake ni ya babake. Nakuandikia hasa kwa sababu ya huyu mkubwa.

Tangu azaliwe nimejitahidi. Kliniki walinipa losheni ya jua wakaniambia nimpake kila siku, na nampaka. Kila asubuhi kabla ya shule nakamua kidogo, kiasi cha punje ya mbaazi, nikaisambaza usoni. Zile za bure zikichelewa, kununua ni ghali, kwa hiyo naibana. Tyubu moja hunichukua miezi mitatu na zaidi. Kwa kuwa inamkausha, juu yake natia vaselini. Hata hivyo akirudi madrasa jioni pua na mashavu ni mekundu na masikio yanambambuka. Mwezi uliopita tulivuka kwenda Shela arusini, akarudi na malengelenge mikononi, na siku hiyo jua halikuonekana, kulikuwa na mawingu na upepo wa kusi. Sikuona haja ya kumpaka tena.

Mavyaa yangu anasema losheni ndiyo inayomchoma, nirudi kwenye liwa na mafuta ya nazi. Wifi yangu naye alitoka Mombasa na kopo lisilo na karatasi wala jina, akasema ni mafuta ya jua ya asili, ndani mna nazi, manjano, ndimu na "kitu kidogo cha kutuliza". Nilimpaka mashavuni kwa wiki kadhaa. Siku mbili tu wekundu ulikwisha, nikalisifu. Sasa naona vimishipa vyekundu mashavuni ambavyo havikuwako.

Mume wangu ni nahodha wa mashua ya watalii. Wageni husahau tyubu zao chomboni, naye huziokota akatuletea. Je, ni salama? Jirani amenionesha video inayosema losheni hizi huingia kwenye damu zikaleta saratani, na tangu hapo mkono unanisita kila nikimpaka. Na huyu kichanga, nimpake nini? Ana upele wa nepi, namtia poda, haukauki.

Nifuate la nani?

Mama wa Wawili, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Katika barua yako lililonishtua ni hilo la tyubu moja kudumu miezi mitatu. Losheni haina kosa, nawe huna uvivu. Kipimo ndicho kidogo. Ile namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, iliyoandikwa kwenye tyubu hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ukipaka nusu ya hapo, kinga hushuka kwa nusu au zaidi. Punje ya mbaazi kwa uso mzima haifiki hata hiyo nusu, na masikio hukuyataja kabisa. Ndiyo maana yanambambuka.

Fanya hivi. Mwambie anyooshe kidole cha shahada na cha kati, kamua losheni mistari miwili kuanzia shina la vidole hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Tumia vidole vyake yeye, visiwe vyako, maana vidole vya mtoto vinakwenda na uso wa mtoto. Kisha ongeza ya masikio mbele na nyuma, na mstari mmoja kwa kila mgongo wa mkono. Mpake robo saa hadi nusu saa kabla hajatoka mlangoni, na usisugue mpaka ipotee kabisa. Ibandike tu, uilainishe. Saa mbili zikipita nje, inarudiwa, na akioga baharini au akijifuta jasho inarudiwa papo hapo. Kipako cha alfajiri hakimfikishi madrasani alasiri.

Najua unachowaza sasa: pesa. Basi tupige hesabu pamoja. Mtoto wa umri wake, ukimpaka mwili mzima ipasavyo, anakula kama gramu 20 kwa mara moja. Tyubu ya gramu 100 itakwisha mara tano tu. Hakuna mama wa Langoni atakayeliweza hilo. Lakini akiwa amefunikwa, amebaki uso na viganja vya mikono kwa nje, anatumia gramu 2 hadi 3 kila mara. Mpake mara tatu kwa siku, tyubu hiyohiyo itakaa karibu wiki mbili. Kwa hiyo nguo ndiyo kinga ya kwanza, losheni ni ya pale ambapo nguo haifiki.

Na hapo mwanao ana bahati ya mila zetu. Mtandio wake akiuvaa vizuri unafunika masikio, shingo na kifua, sehemu ambazo watoto wengi wenye ualbino huungua kwanza. Chagua kitambaa kilichofumwa kikashikana: kiinue mbele ya dirisha, ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio, jua nalo litapenya, na kikilowa jasho kitapenya zaidi. Juu ya mtandio mvike kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Kofia ya ukili ni nzuri mradi isiwe ya matundu. Kepu haitoshi, inaacha mashavu na masikio. Nenda umuone mwalimu mkuu, umwombe mtoto aruhusiwe mikono mirefu, kofia uwanjani, na kukaa mbali na dirisha la jua. Michezo wampangie asubuhi mapema. Mwalimu anayeelewa atakufaa kuliko tyubu kumi.

Sasa ile siku ya Shela. Lamu iko digrii mbili na kidogo tu kusini ya ikweta, na miale inayochoma ngozi haina uhusiano na joto unalolisikia. Mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa, na upepo wa kusi unaipoza ngozi mtu asijue kama anaungua mpaka usiku. Ongeza bahari: Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya miale hiyo na povu la bahari kama asilimia 25. Kwenye mashua mtoto anapigwa kutoka juu na kutoka chini, hata akikaa chini ya turubai. Vichochoro vya mji wetu vina kivuli karibu siku nzima, kwa hiyo mpitishe ndani, asifuate njia ya ufukweni. Kipimo chepesi cha kumfundisha mwenyewe: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua ni kali, atafute pa kujificha. Kwetu hiyo ni takriban saa tatu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Kuhusu hofu ya damu, jirani yako hakuzua, ila video haikumaliza habari. Watafiti wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani walichapisha mwaka 2019 na 2020 kwamba baadhi ya viambato, kama avobenzoni, oksibenzoni na oktokrileni, huonekana kwenye damu ya watu waliopakwa kwa wingi mwili mzima, kwa kiwango kinachozidi kile ambacho mamlaka hiyo hutumia kuamua kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Kuonekana kwenye damu si kudhuru, na watafiti haohao walisema watu wasiache kujikinga. Mwaka huohuo wa 2019 mamlaka hiyo ilipendekeza viambato vigawanywe: viwili, oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, vina ushahidi wa kutosha wa usalama, kile kiitwacho PABA na kingine kimoja havifai, na 12 vilivyobaki vinahitaji data zaidi. Upande wa pili hauna shaka yoyote: jua kwa ngozi isiyo na melanini, ile rangi ya asili inayoikinga, huleta saratani, na katika nchi zetu watu wenye ualbino huipata wakiwa vijana. Mkono usikusite, mwanangu.

Ukitaka moyo utulie kabisa, mnunulie yenye zinki au titani. Viambato hivi viwili hukaa juu ya ngozi, na macho hayamwashi sana. Vinaacha weupe kidogo usoni, lakini kwa binti yako hilo si tatizo. Tafuta SPF 30 kwenda juu, na kwenye tyubu paandikwe kwamba inakinga UVA na UVB, aina mbili za miale ya jua inayodhuru ngozi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya ile yenye namba 100. Epuka ya kupuliza, ataivuta mapafuni. Epuka yenye manukato makali ikiwa ngozi yake inawasha. Jaribu kwanza tone moja ndani ya kigasha, ungoje hadi kesho yake.

Za mashuani, chache zitafaa na nyingi hazitafaa. Tyubu iliyopikwa na jua kwenye sakafu ya chombo siku nzima haiaminiki hata kama tarehe yake haijapita. Itazame tarehe, ikamue kidogo kiganjani, ikitoka maji upande na mafuta upande, au harufu imegeuka, itupe. Kama haina tarehe wala huwezi kusoma viambato vyake, usimpake mtoto huyu. Mumeo azitumie mwenyewe zile nzima, maana nahodha anaungua kila siku na wanaume wetu hudhani weusi wa ngozi unatosha. Midomo yake je, imepasuka? Vaselini inalainisha tu. Apate mafuta ya midomo yenye SPF. Tena akiwapeleka wageni Manda Toto kupiga mbizi awaombe wavae fulana za mikono mirefu majini. Hawaii ilizuia kuuza losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021 kwa kuhofia matumbawe, na Palau ilitangulia 2020. Matumbawe yetu ndiyo riziki yenu.

Sasa vaselini, liwa na nazi. Mheshimu mavyaa yako, ana hoja moja ya kweli: ngozi ya mtoto imekauka na inataka mafuta. Lakini kulainisha ni kazi moja na kukinga jua ni kazi nyingine. Vaselini hukaa juu ya ngozi ikazuia maji ya mwilini yasitoke, dimethikoni iliyomo kwenye losheni nyingi hufanya vivyo hivyo, na zote mbili zinapitisha jua. Kinga ya mafuta ya nazi ni ndogo mno kwa mtoto huyu. Liwa inatuliza na inanukia vizuri, haizuii miale. Na ukitia vaselini juu ya losheni unaiteleza na kuifuta, ndivyo ulivyokuwa ukipunguza hata kile kidogo ulichompaka. Badilisha zamu: usiku baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu bado, mpake vaselini au mafuta ya nazi, na mavyaa ndiye ampake, atafurahi. Asubuhi losheni ya jua iwe ya mwisho, isifuatwe na kitu.

Akiungua tena, mpoze kwa maji ya kawaida au kitambaa chenye maji, mnyweshe maji, malengelenge usiyatoboe. Vaselini isitiwe wakati ngozi bado inatoa moto. Kalamini, ile dawa ya waridi, hupunguza mwasho, na ingawa ina zinki haikutengenezwa kukinga jua. Vilevile krimu ya zinki ya nepi ya mdogo wake: usije ukampaka dada mtu ukidhani ni kitu kimoja, haikupimwa kwa kazi hiyo. Vitu hivi vyote vya kulinda ngozi havitiwi kwenye kidonda chenye kina kirefu, jeraha la kuumwa na mnyama wala mahali palipoungua vibaya. Ukivitumia siku saba bila nafuu, mpeleke hospitali.

Kichanga usimpake losheni ya jua mpaka atimize miezi sita. Ngozi yake ni nyembamba na mwili mdogo, kinachopakwa ni kingi kulingana na uzito wake. Kinga yake ni kivuli, leso na kofia. Upele wa nepi: acha poda leo hii. Vumbi lake likiingia mapafuni mwa kichanga linaweza kumdhuru, na poda ikilowa mkojo inaganda mikunjoni. Mwoshe kwa maji matupu, mkaushe kwa kubonyeza bila kusugua, mwache uchi kidogo apate hewa, kisha mtie krimu ya oksidi ya zinki au vaselini nene. Ukibadilisha nepi na krimu haijachafuka, usiikwangue yote, futa ya juu uongeze. Upele ukizidi kuwa mwekundu mikunjoni na vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi, na fangasi ina dawa yake kliniki. Na nguo au leso iliyoloa vaselini isikae karibu na jiko. Inashika moto upesi kuliko kitambaa kikavu.

Kopo la wifi yako ndilo linalonitia wasiwasi. Ndimu pekee ni hatari: maji yake yakipigwa na jua yakiwa kwenye ngozi huchoma mpaka malengelenge na madoa, hata kwa sisi wenye rangi. Lakini wekundu wa miezi kuondoka kwa siku mbili si kazi ya nazi wala manjano. Hicho "kitu kidogo cha kutuliza" huenda ni steroidi, dawa kali inayofifisha wekundu upesi kisha ikaifanya ngozi kuwa nyembamba, na vimishipa unavyoviona ni dalili mojawapo. Katika makopo ya kujichubua yasiyo na jina hukutwa pia zebaki na haidrokwinoni, na zote zimepigwa marufuku Kenya katika vipodozi. Acha kulitumia leo. Wekundu ukirudi kwa nguvu usirudi kwenye kopo, nenda hospitali. Sidhani wifi alikusudia ubaya. Mwambie kwa upole, kwa sababu huenda naye anajipaka.

Tena mara moja kwa mwezi mkague mtoto mchana kwenye mwanga: masikio, pua, mdomo wa chini, shingo, migongo ya mikono. Kidonda kisichopona kwa mwezi, kigaga kinachorudi, kinyama kinachotoa damu, hayo yote yaonwe na daktari. Yakikatwa mapema ni jambo dogo. Macho yake nayo yanataka miwani inayozuia miale ya UV, na umuombe mwalimu amweke dawati la mbele.

Kuhusu gharama, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni ya jua bila malipo kupitia hospitali za umma. Kama mtoto hajasajiliwa, msajili, na kama amesajiliwa ulizia hospitali ya King Fahd zamu yake inafika lini, ili usingoje mpaka tyubu ikauke. Ukienda mpeleke na mdogo waone upele wake, na lile kopo lichukue mkobani limefungwa vizuri, umpe mfamasia alione.